Mkopo Mwepesi, Deni Zito

Desturi ya kukopa ni ya zamani, na si kila mkopo ni mbaya. Jirani akiishiwa na chumvi huomba kwa jirani. Mkulima akikosa mbegu huazima mbegu, akavuna, akarudisha. Lakini kuna mkopo mwingine, uliozaliwa juzi, ambao haungoji kuombwa. Huja wenyewe mpaka kiganjani mwa mtu, humsifu kuwa ni mwaminifu, na humpa fedha kabla hajamaliza kufikiri kama anazihitaji. Huo ndio ninaoupinga katika insha hii.

Hila hii haikuanza kwetu. Mwaka 1958 benki moja ya Marekani iliwapelekea watu wapatao 60,000 wa mji wa Fresno, katika jimbo la California, kadi za kukopea ambazo hawakuziomba. Wengi wa wakazi wa Nkubu hawajapata kushika kadi ya namna hiyo, wala hawaihitaji, kwa kuwa simu imekuwa kadi yao. M-Pesa ilianza Machi 2007 kuwa njia ya kutuma fedha, na kwa kazi hiyo inastahili sifa. Novemba 2012 ikaja M-Shwari, ikamwezesha mtu kukopa bila kuondoka kitini. Januari 2019 ikaja Fuliza, ambayo humwezesha mtu kulipa fedha asizokuwa nazo. Pamoja na hizo wakazuka wakopeshaji wengine wengi, kila mmoja akiahidi kutoa fedha upesi kuliko mwenzake.

Tazama hesabu, maana mkopo huu hujificha nyuma ya hesabu fupi. M-Shwari ilipoanza, ada yake ilikuwa 7.5 kwa mia kwa siku 30. Aliyekopa shilingi 1,000 alilipa 1,075. Nani ataziogopa shilingi 75? Lakini mtu aliyelipa leo akakopa tena kesho, mwezi baada ya mwezi, alitoa shilingi 75 mara 12, yaani shilingi 900 kwa mwaka. Na mwaka ulipokwisha, zile shilingi 1,000 bado hazikuwa zake. Riba ya 90 kwa mia, kama ingeandikwa kwa herufi kubwa juu ya mlango wa duka, ingewakimbiza wateja wote. Ilihesabiwa kwa mwezi, ikaitwa ada, na watu wakaipokea kama neema.

Hata majina yenyewe yatufundishe. Kufuliza, katika lugha yetu, ni kutenda jambo mfululizo bila kusita. Aliyechagua jina hilo hakusema uongo. Mtu akishaingia, kila fedha inayofika katika simu yake huchukuliwa kwanza kulipa deni, iwe ni ujira wa kibarua au zawadi ya mtoto aliye mbali. Mwenye fedha huipata habari yake kabla ya kuipata fedha yenyewe. Kisha, kwa kuwa amebaki mikono mitupu, hukopa tena. Na jambo la ajabu ni kwamba watu hujivunia kiwango walichoruhusiwa kukopa, kana kwamba kiwango hicho ni mali. Je, mtu anaweza kujisifu kwa ukubwa wa shimo alilochimbiwa?

Simama asubuhi katika kituo cha bodaboda cha Nkubu, mahali barabara ya kutoka Meru inapopita kuelekea Chuka na Embu. Utawakuta vijana wenye nguvu ambao hawawezi kuanza kazi mpaka wakope shilingi 200 za mafuta. Jioni deni hulipwa pamoja na ada yake, kinachosalia huliwa, kesho asubuhi tangi ni tupu, na mkono hurudi kwenye simu. Kijana huyo atakuambia kwamba mkopo ndio unaomlisha. Sivyo; yeye ndiye anayeulisha mkopo. Angejinyima shilingi 20 kila jioni kwa siku kumi tu, angepata shilingi 200 zilizo zake mwenyewe, na asubuhi ya siku ya kumi na moja angeiwasha pikipiki yake bila kumshukuru mtu.

Panda kidogo upande wa mlima, kwenye mashamba ya majani chai. Huko mkulima hulipwa sehemu ya haki yake kila mwezi kwa kilo alizochuma, na bonasi mara moja kwa mwaka. Bonasi hiyo ingeweza kununua ng'ombe wa maziwa au kuezeka nyumba. Lakini kwa wengi huliwa kabla haijafika: kidogo kwa karo, kidogo kwa arusi, kidogo kwa viatu vipya vya Krismasi. Wahenga walisema, kukopa arusi, kulipa matanga. Siku ya malipo jirani asiye na deni huenda sokoni. Mwenye deni hukaa nyumbani akisoma karatasi ya makato.

Haya hayakuwa maisha ya waliotutangulia. Katika miaka ya 1930 wakulima wa Meru walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa Kenya kuruhusiwa na serikali ya kikoloni kupanda kahawa. Mche wa kahawa hauna haraka: hukaa kama miaka mitatu kabla ya kuzaa vema. Wazee wale walipalilia, wakangoja, na kwa matunda ya kungoja kwao watoto walisomeshwa. Sisi wajukuu wao hatuwezi kungoja mwisho wa wiki.

Najua nitapingwa. Wa kwanza ataniuliza: mtoto akiugua usiku na kupelekwa hospitali ya Consolata, mzazi asikope? Akope, naam, tena bila haya. Uhai hauna bei. Lakini tuwe wakweli. Ugonjwa wa usiku huja mara chache, na mikopo huchukuliwa kila siku. Nyama, muda wa maongezi, kamari ya mpira: haya nayo yamevikwa nguo ya dharura. Tena dharura ya kweli humdhuru zaidi yule aliyekwisha kukopa kwa anasa, kwa sababu siku anapohitaji kweli, mlango umefungwa.

Wa pili atasema kwamba hata matajiri hukopa. Ni kweli, lakini hukopa kununua kitu kitakachozaa kuliko riba. Anayekopa kununua ng'ombe atalipa kwa maziwa. Anayekopa kununua chakula cha jioni, atalipa kwa nini? Atalipa kwa chakula cha kesho, na kesho atalala njaa au atakopa tena.

Serikali imeliona jambo hili. Kanuni za mwaka 2022 ziliwataka wakopeshaji wa simu wawe na leseni ya Benki Kuu, tena zikawakataza kumtisha na kumtukana mdaiwa, au kuwaandikia watu waliomo katika simu yake ili kumwaibisha. Novemba mwaka huo huo Benki Kuu ilitangaza mpango wa kuwapunguzia nusu ya deni la simu wakopaji wapatao milioni 4 waliokuwa wameshindwa kulipa. Nasifu hatua hizo. Lakini sheria huufunga mkono wa mkopeshaji tu. Mkono wa mkopaji haufungwi ila na mwenyewe.

Basi aliyekwisha kunaswa afanyeje? Dawa ya deni ni kulipa. Kwanza aache kukopa, kwa maana mtungi hauzibwi ufa huku ukitiwa maji. Kisha aandike madeni yote kwenye karatasi moja, hata yale ya dukani anayoyaonea aibu, na jamaa zake wa nyumbani wayajue. Alipe kwanza lenye ada kali. Likiisha, fedha aliyokuwa akilipia deni hilo aitie katika la pili, asiigeuze kuwa karamu. Itakuwa safari ya miezi, pengine ya mwaka, na atadharauliwa kwa nguo kuukuu. Avumilie. Na deni la mwisho likiisha, aendelee kuweka kama aliyekuwa akilipa: shilingi 20 kwa siku ni shilingi 7,300 kwa mwaka, katika chama cha akina mama au katika chama cha kuweka na kukopa, ambamo hata riba hurudi kwa wanachama.

Nawaambia ninyi wanafunzi, kwa sababu bado hamjanaswa. Siku mtakapotimiza miaka 18 mtapewa kitambulisho, na kwa kitambulisho hicho mtasajili simu. Pengine haitapita miezi mingi kabla ya kusoma ujumbe unaosema kwamba mmestahili kukopa. Mtafurahi, kwa kuwa ni mara ya kwanza kuambiwa na mtu mkubwa kwamba mnaaminika. Kumbukeni siku hiyo kwamba anayewasifu hivyo anawauzia kitu, na bei yake ni kazi ya mikono yenu ambayo bado hamjaifanya. Futeni ujumbe huo, mwende mkafanye kazi, mngoje malipo.