KIDOLE SI RAMANI

Sisi wa Busia na Malaba mpaka tunaujua. Ukiamka ni malori, ukilala ni malori. Lakini kuna kipande cha mpaka huu ambacho hakuna aliyekiona, nacho ni kile kilicho chini ya maji kule Sio Port, katika Ghuba ya Berkeley tunayogawana na Uganda.

Mjomba wangu huvua huko. Mwaka jana wavu wake ulinasa mwambani ukararuka wote. Ati mwamba huo kila mtu anaujua. Kila mtu isipokuwa mjomba! Na mazalio ya samaki ni vivyo hivyo. Mvuvi huambiwa asitupe wavu pale. Akiuliza pale wapi, anaonyeshwa kwa kidole.

Kumbe njia ya kupima ipo. Mashua hubeba sona, chombo kinachotuma sauti chini na kusikiliza mwangwi. Sauti majini huenda kama mita 1,500 kwa sekunde, hivyo penye kina cha mita 15 mwangwi hurudi kwa sehemu 2 za mia za sekunde. Mwamba hurudisha mwangwi mkali, tope hafifu. Halafu kamera hushushwa kuhakikisha. Hapa kwetu kamera itapata taabu, maana mito Sio na Nzoia humwaga matope. Itabidi wachote udongo wenyewe wauone. Wataalamu wa Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoundwa mwaka 1994 na lenye makao Jinja, hutumia sauti hiyohiyo kukadiria wingi wa mbuta na omena. Basi mbona tusiwaombe watupimie na sakafu ya ghuba?

Rafiki yangu hapa darasani anabisha. Anasema ramani ikitoka, wenye kokoro watajua njia ya mazalioni. Hoja hiyo ilinisumbua siku mbili nzima. Lakini wapi! Wenye kokoro wanapajua zamani. Wasiopajua ni watu wa doria na wavuvi waaminifu.

Sharti langu ni moja: isifungiwe kabatini. Ibandikwe bandani ufuoni, Sio Port na Majanji pia, kwa majina ya Kisamia wanayotumia wavuvi wenyewe, kwani mbuta akizaa upande huu mtoto wake huvuliwa ule. Mjomba amesema siku hiyo atakwenda na kalamu nyekundu, autie alama mwamba wake.