Kabureta Haijafa, Ni Fundi Wako Hajui Kuiseti

Wasee, leo nitakosana na watu. Kuna wimbo mmoja unaimbwa na karibu kila garage ya vijana hapa Nairobi: "Hiyo kabureta ni ya kizamani, toa, weka injekta." Mimi nasema mara nyingi kabureta haina shida. Shida ni fundi asiyejua kuiseti, na hataki kukubali kwamba hajui.

Nimeyaona kwa macho. Anko wangu ana Datsun 240Z, lita 2.4, silinda sita, na Weber tatu za midomo miwili miwili. Yaani kila silinda ina mdomo wake wa kupumulia. Gari ilikaa Mombasa miaka mingi ikitembea fiti kabisa. Ilipofika Nairobi ikaanza kukohoa, moshi mweusi, petroli inaisha kama maji. Tukaipeleka kwa garage moja yenye video kali kali. Wakafungua boneti, wakachungulia dakika mbili, wakasema kabureta zimekufa. Halafu sikia hii: ati watatusaidia kuzitupa. Kuzitupa! Weber tatu ambazo watu wanazitafuta dunia nzima!

Anko alikuwa karibu kukubali. Aliyetuokoa ni mzee mmoja fundi wa mtaani, hana hata simu ya kupiga video. Hakugusa kabureta kwanza. Alitoa plagi zote sita, akazipanga juu ya kitambaa kwa mpangilio wa silinda. Zote nyeusi, masizi matupu. Akaniambia, "Kijana, hii gari haiumwi. Imeshiba petroli, imekosa hewa."

Na hapa ndipo darasa lilipo. Mombasa iko usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu, na hewa huku ni nyepesi kwa karibu asilimia 15. Kabureta haina kompyuta ya kujua umehama. Hewa ikipungua, petroli haipungui kwa kiasi kile kile, kwa hivyo mchanganyiko unakuwa mzito. Haijaharibika. Inafanya tu kazi iliyosetiwa kufanya kule chini.

Mzee akaanza na nafasi za valvu, kisha taimingi ya moto, kisha kimo cha petroli ndani ya kabureta. Juu gani? Juu ukiseti mafuta kabla ya hivyo vitu, unaficha ugonjwa. Baadaye akachukua kipande cha mpira, upande mmoja sikioni, mwingine kwa mdomo wa kabureta, akasikiliza mmoja mmoja hadi yote sita ikavuta hewa kwa sauti moja. Mwisho akabadilisha jeti kuu, kutoka 135 hadi 130. Hizo namba ni upana wa tundu: milimita 1.35 na 1.30. Tofauti ni unywele. Tukapanda mlima mafuta yakiwa yamekanyagwa hadi chini, akazima injini pale pale, akatoa plagi tena. Rangi ya kahawia nyepesi, kama chai ya maziwa. Imeisha hiyo.

Najua mtaniambia injekta inajirekebisha yenyewe. Ni kweli, na kama gari ni ya kwenda job kila siku, weka tu, sikatai. Lakini ukiweka injekta kwa injini yenye valvu mbaya au inayovuta hewa pembeni, umenunua tu shida mpya kwa bei ghali.

Na nyinyi wa kutapisha ekzosi moto ndio mpate likes, nawaona. Huo moto mwingi ni petroli ambayo haikuchomeka ndani ya injini. Ikizidi, inaosha oili kwa kuta za silinda, na ringi zinaisha. Unachekelea injini yako ikifa.

Halafu tunasahau historia yetu. Datsun 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971, ikashinda tena 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta. Zilikuwa na kabureta. Hakukuwa na laptop kwa barabara za vumbi, kulikuwa na mafundi wanaojua kusoma plagi.

Kinachoniuma ni hiki: huyo mzee hana mwanafunzi hata mmoja. Nilimuuliza, akacheka, akasema vijana wanakuja kuuliza bei, hawaji kuuliza kwa nini. Akienda, hiyo elimu inaenda naye, na sisi tutabaki na mafundi wa kutupa vitu wasivyovielewa.

Kwa hivyo fundi akikuambia kabureta imekufa, mwambie akutolee plagi mziangalie pamoja. Akishindwa kukueleza hiyo rangi inasema nini, chukua gari yako uende. Mimi Jumamosi niko kwa mzee, nashika spana.