Bahati nasibu: Mfanyakazi hachezi, je wakala?

GISENYI – Je, mtu anayefanya kazi katika bahati nasibu anaruhusiwa kuicheza? Swali hilo linaonekana dogo. Lakini kwa dereva au mfanyabiashara anayenunua tiketi Gisenyi na kuvuka kwenda Goma kabla ya droo, jibu lake ni suala la pesa zake.

Gisenyi, mji wa wilaya ya Rubavu, ni mji wa pesa taslimu. Wachuuzi wanapita Petite Barrière kwa miguu, malori yanapita Grande Barrière, na faranga za Rwanda, faranga za Kongo na dola zinazunguka kwa pamoja. Benki za Goma zilipofungwa mapema mwaka 2025, baada ya M23 kuuteka mji huo, wakazi wake wengi walilazimika kuvuka kuja Gisenyi kutoa pesa. Penye mzunguko wa pesa kama huo, michezo ya kubahatisha haikosi wateja.

Rwanda ilitunga sheria ya michezo hiyo mwaka 2011, na bahati nasibu ya taifa, Inzozi Lotto, ilizinduliwa mwaka 2021 chini ya kampuni ya Carousel. Inzozi kwa Kinyarwanda ni ndoto. Ndoto hiyo inauzika tu pale mnunuzi anapoamini kwamba hakuna anayejua namba kabla yake.

Aliye ndani hachezi

Ndiyo maana waendeshaji wengi duniani huwakataza wafanyakazi wao kucheza. Uingereza imekuwa na katazo hilo kwa wafanyakazi wa kampuni inayoendesha bahati nasibu ya taifa, pamoja na jamaa wanaoishi nao nyumba moja. Hata promosheni za kampuni za simu na za bia katika Afrika Mashariki kwa kawaida huandika masharti kama hayo.

Marekani ilionyesha faida yake. Eddie Tipton alikuwa mkuu wa usalama wa kompyuta katika chama kinachoendesha bahati nasibu za majimbo kadhaa. Aliingiza programu ya siri kwenye mtambo wa kuchagua namba, na Desemba 2010 akanunua tiketi iliyoshinda dola milioni 16.5. Kwa kuwa hakuruhusiwa kabisa kucheza, picha za kamera ya kituo cha mafuta zikimwonyesha mnunuzi wa tiketi hiyo zilitosha kuwaelekeza wapelelezi kwake. Mwaka 2017 alihukumiwa kifungo cha hadi miaka 25.

Afrika nayo ina mfano wake. Januari 2000, benki ya Zimbank ya Zimbabwe, ambayo serikali ilikuwa na hisa ndani yake, iliendesha droo kwa wateja wake. Tiketi iliyotoka kwa zawadi ya dola 100,000 za Zimbabwe ilikuwa na jina la Rais Robert Mugabe. Wizi haukuthibitishwa, lakini watu walicheka na kunung'unika. Katika bahati nasibu, shaka peke yake ni hasara.

Wakala yuko upande gani?

Tatizo kubwa zaidi liko kwa muuzaji wa tiketi. Yeye si mwajiriwa. Ni mfanyabiashara anayelipwa kamisheni, na katika nchi nyingi anaruhusiwa kucheza kama mteja mwingine. Hawezi kugusa mtambo wa droo. Anachoweza kugusa ni tiketi ya mteja.

Katika jimbo la Ontario, Kanada, mwaka 2001 mzee mmoja alipeleka tiketi yake dukani ikaguliwe. Ilikuwa imeshinda dola 250,000 za Kanada, lakini zawadi ikachukuliwa na wenye duka. Mwaka 2006 televisheni ya CBC ilifichua kwamba wauzaji wa tiketi walikuwa wakishinda kuliko inavyotarajiwa kwa bahati ya kawaida. Ripoti ya mchunguzi wa malalamiko wa jimbo, iliyotoka mwaka 2007, ilifuatiwa na mabadiliko. Mojawapo ni kwamba mteja atie saini tiketi yake kabla ya kuikabidhi kwa muuzaji.

Kwa wanaovuka mpaka

Funzo hilo linawahusu wasafirishaji moja kwa moja. Dereva anayeharakia foleni ya forodha anaweza kumwachia wakala pesa amchezee kwa namba ya simu ya wakala. Akishinda akiwa Goma au Bukavu, kumbukumbu za mwendeshaji zitaonyesha jina la nani? Atabaki na neno lake dhidi ya neno la mwenzake, tena ng'ambo ya mpaka.

Wakala naye ana la kujihadhari. Anayeuza vocha, bia au tiketi asome masharti kabla ya kucheza. Neno "mawakala" likiwa kwenye orodha ya waliozuiwa, ushindi wake unaweza kufutwa.

Kanuni ya kumzuia mfanyakazi inalinda droo. Haimlindi mteja aliyeacha tiketi yake mikononi mwa mtu mwingine. Acheze kwa simu yake mwenyewe, atie saini karatasi yake, na aulize mapema zawadi inalipwa wapi na kwa kitambulisho gani.