Vitabu Nilivyovimaliza na Vitabu Nilivyoviacha



Kuna uongo mmoja ambao watu wenye elimu husameheana kwa urahisi mno, nao ni kusifu kitabu wasichokisoma. Mtu huulizwa, "Je, umekisoma kitabu fulani?" Naye hujibu, "Naam, ni kitabu kizuri sana," kumbe ameliona jalada lake tu mezani pa rafiki. Walimu tukifanya hivyo mbele ya wanafunzi, wao hujifunza upesi kwamba kitabu ni kitu cha kusifiwa, si cha kusomwa. Juma hili napenda kufanya kinyume. Nitawaelezeni vitabu nilivyovishika miezi hii ya mvua, vile nilivyovifikisha mwisho na vile nilivyoviacha njiani, nami sitaficha sababu.

Huenda mmoja wenu atauliza: ya nini kuzungumza habari za riwaya hapa Ituri, ambako jamaa nyingi zimejua maisha ya kambini? Swali hilo ni la haki. Katika vita vya mwaka 1999 hadi 2003, na katika misukosuko iliyofuata, mwenye kukimbia alibeba sufuria, godoro na mtoto. Vitabu vilibaki nyuma. Tena kitabu cha Kiswahili hutoka mbali kabla ya kufika Bunia, maana vingi hupigwa chapa Nairobi au Dar es Salaam. Lakini kwa sababu hiyo hiyo yafaa tuambiane kweli. Mwenye vitabu mia aweza kununua kibaya asione hasara. Mwenye fedha ya kitabu kimoja kwa mwaka hapaswi kudanganywa.

Kanuni yangu ni hii: kila kitabu nakipa kurasa thelathini. Mgeni hukaribishwa, hupewa kiti na maji, tena husikilizwa haja yake. Baada ya hapo, akiwa hana neno la kuniambia, namsindikiza mlangoni kwa amani.

Naanza na kile kilichonikesha. "Mzimu wa Watu wa Kale" cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja kilitolewa mwaka 1960, baada ya kushinda shindano la uandishi. Humo Bwana Msa, mtu wa kiko na wa maswali machache, atafuta nani amemwua tajiri mmoja ambaye maiti yake imeonekana penye mzimu. Nilikimaliza kwa siku mbili. Wapo watakaosema kwamba kitabu cha upelelezi ni mchezo wa watoto. Mimi nasema hivi: watu wa mji ule wako tayari kuusingizia mzimu, na Bwana Msa peke yake ashikilia kwamba mauaji yana mkono wa mtu. Hapa kwetu, ambapo kifo cha ghafula huleta mara moja tuhuma za uchawi juu ya bibi kizee asiye na wa kumtetea, fundisho hilo si la watoto. Kasoro yake ni moja: Bwana Msa hutuficha mengi ayajuayo mpaka mwisho, nasi twabaki kumshangaa badala ya kufikiri pamoja naye.

Cha pili nilichokimaliza ni "Adili na Nduguze" cha Shaaban Robert, kilichotolewa mwaka 1952. Mtanisamehe nikisema neno juu ya mzee huyu, maana wengi humtaja kwa kuinamisha kichwa. Kiswahili chake ni safi kama maji ya chemchemi, na kila mwanafunzi wa Bunia atakaye kuandika vizuri asome kwa sauti kurasa chache kila jioni. Lakini hadithi yenyewe hainitii hofu. Ndugu wawili wakiitwa Hasidi na Mwivu, nani asiyejua watakalotenda? Katika maisha mwenye wivu haitwi Mwivu. Huitwa kwa jina zuri, huketi nasi mezani, na twachelewa kumtambua. Basi nilikisoma mpaka mwisho kwa ajili ya lugha, wala si kwa ajili ya kutaka kujua yatakayotokea.

Sasa nakuja kwenye kitabu kirefu kupita vyote, nacho ndicho nilichokipenda zaidi: "Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali". Mwandishi wake, Aniceti Kitereza, alizaliwa mwaka 1896, akasoma seminari ya Rubya, akaishi Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Viktoria. Alikiandika kwa Kikerewe, lugha ya mama yake, akakimaliza mwaka 1945. Hakuna aliyekubali kukipiga chapa. Hatimaye alikigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, nacho kikatolewa mwaka 1980. Mwaka uliofuata mzee akafariki dunia. Miaka thelathini na mitano alingoja!

Habari yake ni nyepesi kueleza. Mume na mke wapendana, lakini hawana mtoto. Jamaa za mume wamtukana mke, na wazazi wake waja kumchukua. Mume akataa kuoa mwingine. Aenda kuwabembeleza wakwe, akubali kutozwa pombe, ahangaika mpaka amrudishe mkewe. Kisha watafuta dawa, wavumilia, na mwishoni wapata mtoto wa kiume na wa kike. Nakiri kwamba mwendo wake ni wa konokono. Kitereza hawezi kumpitisha mtu mlangoni bila kutuambia alivyosalimiwa, alivyopewa kigoda na chakula alicholetewa. Msomaji mwenye haraka atakiacha kabla ya kurasa hamsini, wala sitamlaumu. Lakini ni waume wangapi miongoni mwetu ambao, nyumba ikikosa mtoto, huwasikiliza dada zao na shangazi zao, wamfukuze mke bila hata kuuliza kama kasoro iko kwao? Myombekere hakusoma shule yoyote, hata hivyo alijua kumwambia mkewe kwamba yeye ni mke kwanza, kabla ya kuwa mama. Ningependa kila mchumba akisome kabla ya harusi.

Kwa Kifaransa nilimaliza "Entre les eaux" cha V. Y. Mudimbe, kilichotolewa mwaka 1973. Mudimbe alizaliwa Likasi mwaka 1941, akafariki Marekani mwaka 2025. Kitabu chaeleza habari za padri, Pierre Landu, aliyeacha parokia akajiunga na waasi msituni, akitafuta haki, asipate raha huku wala kule. Kwa mtu aliyepita seminari, kila ukurasa wachoma. Hata hivyo ni kitabu cha baridi. Landu ajitazama sana katika kioo, na wanakijiji wanaoteswa na vita wapita nyuma yake kama vivuli. Sisi wa Ituri tumewaona watu hao kwa karibu, tena kila mmoja ana jina. Nilikimaliza kwa heshima, lakini sikukipenda.

Baada ya hicho nilipumzika na Zamenga Batukezanga, aliyefariki mwaka 2000. Vitabu vyake ni vifupi, na Kifaransa chake hakimtishi mtoto wa sekondari. Hupenda kutoa mafundisho, na mara nyingine somo humeza hadithi. Lakini nimeona kitabu chake kimoja kikipita mikono mingi hata jalada likakatika. Wako waandishi wakubwa ambao hawakupata sifa hiyo.

Na nilivyoviacha? Nitataja viwili.

Cha kwanza ni "Nagona" cha Euphrase Kezilahabi, cha mwaka 1990. Ni kijitabu chembamba sana, tena nimekiacha mara mbili. Msimulizi azunguka katika nchi ya ndoto, akutana na wafu na wanafalsafa, nami kila nilipodhani nimeshika uzi, ukakatika. Wataalamu wakisifu, na yawezekana wana haki. Lakini mimi nasoma usiku baada ya kusahihisha madaftari sitini. Mwandishi akinificha mlango, siwezi kuutafuta mpaka alfajiri.

Cha pili ni "Au cœur des ténèbres" cha Joseph Conrad, aliyepanda mto wetu mwaka 1890. Namshukuru kwa kuufichua uchu wa pembe za ndovu. Lakini Wakongo wa kitabu hicho hawasemi. Wapiga makelele, wakimbia, wafa chini ya miti. Maneno waliyopewa yahesabika kwa vidole. Chinua Achebe wa Nijeria alimshtaki Conrad kwa jambo hilo mwaka 1975, na watu wangali wanabishana. Mimi sikukiacha kwa hasira, ila kwa kuchoka, kama mtu achokavyo akiketi katika mazungumzo yanayomhusu yeye bila kuulizwa neno hata moja.

Limebaki swali ambalo wazazi huniuliza mara nyingi: je, binti yangu asome "Rosa Mistika"? Hiki nacho ni cha Kezilahabi, cha mwaka 1971, na kwa muda kilikatazwa mashuleni Tanzania. Nimekimaliza, na sikulala vizuri. Baba, Zakaria, ni mlevi. Ampiga binti yake vikali kwa sababu ya barua ya mvulana. Binti akalelewa kwa hofu tupu. Alipotoka mbele ya macho ya baba hakuwa na lolote la kumwongoza, akapotea, na mwisho wake ni wa kuhuzunisha mno. Yamo mambo ya aibu yaliyoelezwa waziwazi, kwa hiyo msimpe mtoto mdogo.

Lakini kwa msichana wa miaka kumi na sita au kumi na saba jibu langu ni hili: Baba, kisome wewe kwanza. Ukikimaliza, ukaona bado wataka kukificha, jiulize kama wamficha binti yako uovu wa Rosa, ama wamficha sura ya Zakaria. Kisha mpe, naye akimaliza zungumzeni, mama yake akiwapo. Binti atakayeanguka hahitaji kufundishwa na kitabu. Simu iliyo mkononi mwake yamwambia mabaya zaidi, tena bila kumwonyesha machozi yanayofuata. Kitabu hiki chamwonyesha machozi.

Basi, wapenzi wasomaji, msione aibu kuacha kitabu. Lakini ukikiacha, usikifungie kabatini kwa panya. Mpe jirani, maana chakula nilichokishindwa mimi huenda mwenzangu akishibe. Na ukikimaliza, sema kweli juu yake, uzuri na ubaya, ili mwenye fedha kidogo apate kuchagua vema. Tuleteeni nanyi orodha zenu, mkiandika wazi vile mlivyovimaliza na vile mlivyoviacha.

Kwaherini, hadi juma lijalo.