Utii Una Mpaka

Filamu ya "Doom" ilipotoka Marekani mwezi Oktoba 2005, wahakiki waliibeza. Walisema hadithi yake ni nyepesi, na kwamba kuitazama ni sawa na kumtazama mwenzio akicheza mchezo wa kompyuta bila kukupa zamu. Wapenzi wa mchezo huo, uliotolewa mwaka 1993, nao walinung'unika kwa sababu mashetani wa jehanamu waligeuzwa kuwa wanadamu walioharibiwa na majaribio ya maabara. Mapato yake hayakufikia gharama.

Hatuna ugomvi na hukumu hiyo. Lakini sisi tuvaao sare tunalo swali letu wenyewe. Kikosi kinapelekwa katika sayari ya Mirihi, kwenye kituo kiitwacho Olduvai, jina la bonde la Tanzania. Kamanda, aliyeigizwa na Dwayne Johnson, anaamuru watu wote wauawe, hata wasioambukizwa. Askari aliye mdogo kuliko wote anakataa. Kamanda anampiga risasi papo hapo.

Ndugu askari na polisi, hapo ndipo lilipo somo. Utii ni uti wa mgongo wa jeshi. Hata hivyo, amri ya kumuua raia asiye na silaha ni jinai, na Mahakama ya Nuremberg mwaka 1946 ilikataa kisingizio cha "niliamriwa". Tuitazame filamu hii, tucheke palipo na upuuzi, lakini yule kijana tusimsahau.