Tusiisingizie Lugha Uvivu Wetu

Ni kasumba kudai kwamba biolojia haielezeki kwa Kiswahili. Itazameni protini iitwayo Toll. Awali ilijulikana kuwa hutenga mgongo na tumbo katika kiinitete cha nzi wa matunda. Mwaka 1996 Jules Hoffmann na wenzake walionyesha kwamba nzi mwenye kasoro ya Toll huangamizwa na kuvu. Mwaka 1998 kundi la Bruce Beutler likabaini kuwa protini ya ukoo huo katika panya hutambua sumu ya bakteria na kuamsha kinga ya mwili. Binadamu pia tunazo. Ni kama 'mtu' wa Kiswahili na 'mũndũ' wa Kikuyu: asili moja, sura mbili. Je, walimu wenzangu, Kiswahili kimekwama wapi hapo?