Tathmini huru ya GBIF: Yuro moja imerudisha nini, na imerudi kwa nani?

Na Mwandishi Wetu

Wananchi wanaofuatilia taarifa za Serikali wamezoea kusoma kwamba nchi imejiunga na taasisi fulani ya kimataifa, kwamba hati imetiwa saini na mchango umelipwa. Ni nadra zaidi kusoma, miaka kadhaa baadaye, iwapo taasisi hiyo imefanya kazi iliyokusudiwa. Mtandao wa Kimataifa wa Taarifa za Bioanuwai, unaofahamika kwa kifupisho cha GBIF, unafaa kuchambuliwa kwa sababu umekubali kupimwa na watu wa nje zaidi ya mara moja, na kwa sababu Tanzania inashiriki humo kupitia Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH).

GBIF ilianzishwa mwaka 2001, kufuatia pendekezo lililotolewa ndani ya Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD) la kuwa na chombo cha kuunganisha data za viumbe hai zilizotawanyika katika makumbusho na vyuo vikuu duniani. Sekretarieti yake ipo Copenhagen, Denmark. Ikumbukwe kuwa GBIF haimiliki data hizo. Kila taasisi huchapisha rekodi zake kwa muundo uliokubalika kwa wote, ikieleza ni kiumbe gani, kilionekana wapi na lini. GBIF huziorodhesha ili mtu yeyote azitafute na kuzipakua bila malipo. Rekodi hizo sasa ni zaidi ya bilioni mbili.

Kwa Tanzania, jambo hili lina historia ndefu kuliko GBIF yenyewe. Mwaka 1902 utawala wa Kijerumani ulifungua kituo cha utafiti wa kilimo na viumbe huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Mimea ilikusanywa, ikakaushwa, ikabandikwa kwenye karatasi na kusafirishwa Berlin. Ua la zambarau la Usambara, ambalo leo hupambwa madirishani Ulaya na Marekani, liliingia katika maandishi ya sayansi mwaka 1893 kutokana na mimea iliyopelekwa Ujerumani na afisa wa kikoloni. Mwezi Machi 1943 hebaria ya Berlin iliteketea kwa mabomu, na sehemu kubwa ya sampuli za Afrika Mashariki ikapotea nayo. Zilizonusurika ni zile ambazo nakala zake zilikuwa zimehifadhiwa kwingine, zikiwemo za Hebaria ya Afrika Mashariki, iliyoanzia Amani na kuhamishiwa Nairobi mwaka 1950. Aidha, kazi kubwa ya kuorodhesha mimea ya Tanzania, Kenya na Uganda, iliyokamilika mwaka 2012 ikiwa na spishi zaidi ya 12,000, iliratibiwa kutoka bustani ya Kew, London.

Kwa maneno mengine, kwa muda mrefu Mtanzania aliyetaka kujua mti fulani ulikusanywa wapi katika nchi yake alilazimika kuomba nauli ya kwenda Ulaya. Hapo ndipo swali la iwapo GBIF inafanya kazi linapotuhusu.

Tathmini mbili za karibuni ndizo zenye uzito. Ya kwanza ilifanywa na CODATA, kamati ya data ya Baraza la Kimataifa la Sayansi, na kutolewa mwaka 2020, mtandao ulipokuwa unatimiza takriban miaka 20. Kwa ujumla iliipa GBIF alama nzuri. Ya pili ni ya kiuchumi, iliyofanywa na kampuni ya Deloitte na kutangazwa mwaka 2023. Hiyo ilikadiria kuwa kila yuro moja iliyowekezwa huwarudishia watumiaji faida ya moja kwa moja ya yuro tatu, na huiletea jamii kwa upana wake manufaa ya hadi yuro 12.

Takwimu hiyo ya pili ndiyo hunukuliwa zaidi, nayo inahitaji kusomwa kwa utulivu. Neno "hadi" linataja kikomo cha juu cha makadirio. Ile yuro tatu inakaribiana zaidi na mambo yanayoweza kuhesabiwa, kama vile muda na gharama ambazo mtafiti angetumia kukusanya data hizo peke yake. Ile 12 inategemea dhana kuhusu manufaa ambayo utafiti huiletea jamii baada ya miaka mingi, na kila dhana ikibadilishwa, jibu nalo hubadilika. Hakuna udanganyifu katika hilo, ilimradi namba isitajwe bila neno lililoitangulia.

Yapo pia malalamiko kwamba tathmini hizi si huru kwa kuwa ziliagizwa na GBIF yenyewe. Hoja hiyo haina nguvu sana. Mkaguzi wa nje wa hesabu naye hulipwa na kampuni anayoikagua. La msingi ni nani anayeandika hadidu za rejea, na iwapo ripoti inachapishwa yote. Ripoti hizo zinasomwa na yeyote. Aidha, kila kifurushi cha data kinachopakuliwa hupewa namba ya utambulisho inayoweza kufuatiliwa hadi kwenye makala ya kisayansi iliyokitumia. Taasisi nyingi hazina ushahidi wa aina hiyo wa kumpa mtathmini.

Upungufu upo mahali pengine. Wastani wa dunia hauoneshi faida ilikwenda wapi. Zaidi ya nusu ya rekodi zote ni za ndege, na sehemu kubwa inatoka Ulaya, Amerika Kaskazini na Australia, ambako maelfu ya raia hurekodi ndege kwa simu zao. Wadudu, kuvu na viumbe wa udongo wa kitropiki, ambao kilimo chetu kinawategemea, wana rekodi chache mno. Mtafiti mwenye intaneti ya uhakika na maabara hunufaika mapema kuliko ofisa misitu wa wilaya. Yuro tatu za mmoja na yuro tatu za mwingine zikijumlishwa pamoja, tofauti hiyo haionekani.

Lipo pia suala la usalama. Taarifa ya mahali alipo faru ikiwekwa wazi humfikia mtafiti na jangili kwa wakati mmoja. Mwongozo wa GBIF, uliohuishwa mwaka 2020, unamruhusu mchapishaji kuficha au kupunguza usahihi wa eneo kwa spishi zilizo hatarini, na uamuzi hubaki kwa taasisi inayochapisha. Hivyo nchi yenye wataalamu wachache wa data inakabidhiwa uamuzi mzito bila watu wa kutosha wa kuufanya.

Mwezi Desemba 2022 nchi zilikubaliana Montreal kuhusu malengo mapya ya bioanuwai, na lengo la 21 linataka taarifa bora ziwafikie watoa maamuzi na wananchi. Tathmini zijazo zitapimwa kwa lengo hilo, na hapo nchi washiriki zina haki ya kudai mchanganuo wa nchi kwa nchi.

Kwa sasa mwananchi anaweza kuanza mwenyewe. Ukurasa wa kila nchi katika tovuti ya GBIF una hesabu mbili: rekodi zinazoihusu nchi hiyo, na rekodi zilizochapishwa na taasisi zilizomo ndani yake. Kwa Tanzania, tofauti kati ya hesabu hizo mbili ndiyo ya kufuatiliwa mwaka hadi mwaka.